Rehema haifuti deni la jirani

Vijana wenzangu, leo nataka tuongee juu ya neno "samehe". Hapa tunaposhi kama wakimbizi tunalisikia karibu kila wiki. Mtu akiibiwa shitingi, mama akikosa posho sababu kadi yake imeshikwa na mwingine, wa kwanza kuitwa ni nani? Ni yule aliyeumizwa. Anakalishwa chini, anaambiwa: "Wewe ni mtu wa Mungu, acha iishe." Aliyekosa anaitwa baadaye, ao haitwi kabisa.

Mimi nasema huo siyo msamaha wa Kikristo. Tunachukua rehema ya Mungu na kuifanya kifuniko.

Tuangalie Biblia vizuri. Daudi alipomchukua mke wa Uria na kupanga Uria afe vitani, Mungu alimtuma nabii Nathani. Alimtuma kwa nani? Siyo kwa ndugu za Uria ili awaombe watulie. Alimtuma kwa mfalme mwenyewe, amwambie kosa lake usoni. Daudi akakiri, akasamehewa. Lakini kitabu cha pili cha Samweli hakifichi kwamba matunda ya dhambi ile yaliendelea kuonekana nyumbani kwake.

Halafu Zakayo, katika Luka 19. Kwake rehema ilitangulia: Yesu alikwenda kwake kabla hajarudisha hata senti moja, na watu wakanung'unika. Ila rehema ile ndiyo ilimpa Zakayo nguvu ya kusimama na kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Kwa hiyo rehema na haki hazigombani. Rehema inamfungulia mkosaji mlango, haki inamfikisha mpaka kwa jirani aliyemwibia. Hata msalaba, kwa imani yetu, hausemi kwamba dhambi ni kitu kidogo. Unasema ni nzito mpaka Mungu mwenyewe akabeba gharama.

Wengine watasema: "Mambo ya shitingi ni madogo, unayakuza bure." Nayakuza sababu tunaishi penye madeni makubwa zaidi. Ukitoka Kabezi kwa barabara ya ziwa kwenda Rumonge unapita Minago. Karibu na hapo, tarehe 29 Desemba 2003, Askofu Mkuu Michael Courtney, balozi wa Papa hapa Burundi, alivamiwa njiani akapigwa risasi na kufa. Alikuwa mtu wa kutafuta amani. Hata miezi minane haikuisha, usiku wa 13 Agosti 2004, wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150 wakauawa kambini Gatumba, ng'ambo ya Bujumbura karibu na mpaka. Wengi wao walikuwa Banyamulenge, wengi wanawake na watoto. Kundi la FNL lilitangaza kwamba ndilo lililofanya. Kila mwaka ndugu zao wanaikumbuka siku hiyo na kuomba haki. Nani kati yetu atawaendea na kuwaambia "acheni iishe"?

Kuomba haki siyo kukataa kusamehe. Na siyo kisasi. Nasema hivi wazi sababu kuna vijana wakisema "haki" wanamaanisha kabila fulani lote lilipe. Nathani alisema na mtu mmoja, juu ya kosa lake yeye. Haki inamtafuta aliyetenda. Chuki inapiga yeyote iliyemkuta.

Basi naomba mambo mawili. Wazee wa kanisa na viongozi wetu, anzeni na aliyekosa. Amekiri? Atarudisha nini, na lini? Nani atafuatilia? Baada ya hapo ndipo mumuulize aliyeumizwa kama roho yake iko tayari, na mumpe muda.

Na ninyi wa mashirika, mkitufundisha kuishi pamoja kwa amani, msitosheke kuona watu wawili wamepeana mikono. Muulize kama kitu kilirudishwa. Tena tusaidiane kwa hili: msichana akibakwa, hiyo siyo kesi ya kumalizwa na wazee kwa maombi na samahani. Apelekwe hospitali mara moja, kabla ya saa 72, sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haingoji kikao. Maombi yaendelee, na sheria nayo ifanye kazi yake.

Ninyi mnaonaje? Tuongee, ila tusitaje majina ya watu.