Mvua ikikosa ku Zambia, bukari inapungua Lubumbashi

Ndugu wachimbaji, na ninyi ba mama wenye kupika kila siku, wote tunakumbuka mwaka 2024. Mufuko wa bunga wa kilo 25 ulipanda bei, mushahara ukabaki pale pale. Wengi walisema ni kosa la wafanyabiashara. Wengine walisema ni mupaka wa Kasumbalesa.

Lakini shida ilianzia juu, mu mawingu. Tarehe 29 Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa hatari ya taifa. Ku hekta milioni 2,2 za mahindi zilizopandwa, milioni 1 zilikuwa zimeharibika. Inchi yenye kutulisha ilianza yenyewe kutafuta chakula. Nani angetuuzia?

Sasa tuulize: ile habari ilikuja gafula? Hapana. Tarehe 4 Julai 2023, Shirika la Dunia la Hali ya Hewa (OMM) lilisema kama El Niño imeanza. El Niño ni joto ya maji ya bahari ya Pasifiki, na mara nyingi inapunguza mvua Kusini mwa Afrika. Huku kwetu tunapanda mahindi Novemba na Desemba. Basi kulikuwa miezi ine ya kujitayarisha: kuchagua mbegu yenye kukomaa mbio, kuongeza mihogo na viazi, kuweka akiba. Nani kati yetu aliisikia mu Swahili, mbele ya kushika jembe?

Kuna wenye kusema: shida si mvua, ni barabara mbaya, ni ushuru, ni vijana walioacha mashamba juu ya kwenda kuchimba. Ile nayo ni kweli. Lakini bila kupima, hatutajua kila moja inatupunguzia mahindi kiasi gani, na kila mukubwa atamutupia mwenzake kosa. Mu mugodi hakuna sosiete inayochimba bila kujua kwanza kiasi cha mukuba mu mawe. Juu ya nini tulime bila kujua mvua?

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, METTELSAT, INERA ya Kipopo na wakubwa wa kilimo wa jimbo wakae pamoja kila mwaka mbele ya Novemba. Waseme ku redio, mu Swahili, mvua gani inangojewa, na mahindi kiasi gani inaweza kukosa, huku kwetu na ku Zambia.

Pili, sosiete za migodi ziwape hesabu za mvua. Shimo la wazi haliendeshwi bila kujua maji yanayoingia ndani. Hesabu ile imusaidie na mulimaji.

Tatu, Sheria ya Migodi ya 2018 inaomba kila sosiete itoe angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vya karibu. Sehemu ya feza ile inunue vyombo vya kupima mvua, mbegu nzuri na magala, si majengo tu.

Zamani Union Minière iligawia wafanyakazi wake posho ya bunga. Leo kila mutu ananunua yake ku soko, na mushahara wa mwezi unapimwa na mvua ya Zambia. Kila Novemba mvua inarudi. Tuwaulize wakubwa mbele yake, tusingoje siku mufuko utapanda tena.