Mtoto Akilia Angani, Baba Yuko Wapi?
Mwezi uliopita tulipanda ndege kutoka Dar kwenda Mwanza na mwanetu wa miezi saba. Tulipoanza kushuka, akaangua kilio. Abiria wakanigeukia; mume wangu naye akajifanya anasoma gazeti! Roho iliniuma, jamani.

Mtoto hadeki. Mgandamizo wa hewa ukibadilika wakati wa kupaa na kushuka, masikio humuuma. Kumeza huyazibua, hivyo mpe ziwa au chupa, hasa mnaposhuka.

Usiku ule tuliongea, na sikumficha kitu. Safari ya kurudi, baba ndiye aliyempakata, chupa mkononi. Mtoto akanyamaza, na mimi nikasamehe. Kina baba, mnanisikia?