Redio ni amana: sheria ya utangazaji Zanzibar inatuhusu vipi?



Shaabani inapofika ukingoni, familia nyingi za Pemba hukaa karibu na redio kusubiri tamko la Mufti kuhusu mwezi. Kwa redio hiyo hiyo tunasikia matangazo ya vifo, hali ya bahari na bei ya karafuu. Chombo kinachobeba mambo mazito kiasi hiki, ni haki yetu kujua kinaendeshwa kwa sheria gani na nani anaweza kukinyamazisha.

Utangazaji visiwani ulianza mikononi mwa dola. Sauti ya Unguja ilianzishwa 1951, zama za ukoloni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 redio ilibaki ya Serikali, ikawa Sauti ya Tanzania Zanzibar, na katika miaka ya 1970 ikaongezeka Televisheni Zanzibar. Mlango kwa wengine ulifunguka baada ya kurejea vyama vingi mwaka 1992. Bara ilipitisha sheria yake 1993. Zanzibar ilifuata kwa Sheria Namba 7 ya 1997, iliyounda Tume ya Utangazaji. Chini ya sheria hiyo tumepata redio binafsi, redio za Kiislamu, na redio ya jamii ya Micheweni. Mwaka 2013 redio na televisheni za Serikali zikaunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar.

Hapa ndipo penye suala. Tume inatoa leseni na inasimamia vituo vyote, na Shirika ni kituo kimoja kati ya hivyo. Lakini Serikali inayomiliki Shirika ndiyo hiyo hiyo inayoteua uongozi wa Tume. Mwenye kesi na kadhi wakitoka nyumba moja, hata hukumu ikiwa ya haki, watu watakuwa na shaka nayo.

Wala si jambo la wanahabari peke yao. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikija Pemba. Siku za mwanzo zilitajwa roho mia mbili na kitu. Baadaye tume ya uchunguzi ilitaja zaidi ya watu 1,500 waliokufa au kupotea. Siku kama hiyo, familia inahitaji mtangazaji anayeweza kuuliza bila kuhofia leseni yake.

Hatusemi sheria iondolewe. Uhuru wa kusengenya, kuzua na kuchochea fitna dini yetu haiutambui, na Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuihakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Lakini Suratun Nisaa nayo, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe na hukumu iwe ya uadilifu. Habari ni amana ya umma, na Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinalinda haki ya kutoa maoni na kupata habari.

Kwa miaka mingi wadau wa habari wamekuwa wakidai sheria mpya. Tunaona mambo mawili yasikosekane: uteuzi wa Tume usiwe wa mkono mmoja, na kituo kikifungiwa, sababu zitolewe kwa maandishi na njia ya kwenda mahakamani iwe wazi. Mwakilishi wako akija jimboni, mbali na barabara na maji, muulize na hili.

Wabillahi tawfiq.