Asilimia ni ya nani?

Wasee, kura ya maoni ikisema Wakenya wengi wanataka bunduki haramu zisalimishwe, msikimbilie kusambaza. Wakihojiwa watu 1,000 nchi nzima, kiwango cha makosa ni kama asilimia 3. Sawa. Lakini kwa sensa ya 2019, Meru na Embu zinatoa kama watu 45 tu kati ya hao. Hapo makosa yanaruka hadi 15 hivi!

Na swali je? “Zisalimishwe?” Embu mjini watasema ndio. Muulize mfugaji wa Tigania, mpakani na Isiolo: “Hata kama jirani hajasalimisha yake?” Uone.

Sheria ya 2012 inalazimisha kura za maoni za uchaguzi kutaja aliyelipia. Za bunduki haizigusi. Basi uliza mwenyewe, kabla mtu hajanyang'anywa ng'ombe kwa jina la “wengi”.