AKILI YA MTOTO HAIUZWI DUKANI

Ndugu wafanya kazi,

Chama kipo kulinda jasho letu, na jasho hilo haliibiwi kazini tu. Huibiwa hata nyumbani, pale mzazi anapokuwa na hofu juu ya mtoto wake.

Wako watoto kati yetu wanaosikia vizuri na kuona vizuri, wana akili ya kutengeneza baiskeli iliyowashinda wakubwa, lakini herufi zinawakataa. Darasani huitwa wajinga na wavivu. Wataalamu huiita shida hiyo disleksia. Si uvivu wala laana, na kiboko si dawa yake.

Basi wachuuzi wameona faida hapo. Matangazo yanatufikia katika simu: nunua michezo hii ya kompyuta, mtoto acheze kila siku, ubongo utapata nguvu na masomo yote yatakuwa mepesi. Baba ambaye mtoto wake wa miaka 10 hawezi kusoma jina lake atatoa mshahara, na ukiisha atakopa.

Ndugu, ulizeni ushahidi uko wapi. Huko Marekani, mwaka 2016, tume ya serikali inayolinda wanunuzi ilizishtaki kampuni mbili za biashara hii. Lumos Labs ilikubali kulipa dola milioni 2. LearningRx, iliyodai kuwa mazoezi yake huongeza maksi za shule, ilikubali kulipa dola 200,000 na kuacha madai yasiyo na ushahidi. Kabla ya hapo, mwaka 2013, wataalamu Monica Melby-Lervåg na Charles Hulme walikusanya majaribio mengi ya mazoezi ya kumbukumbu. Waliona kwamba mtu huwa hodari katika mazoezi yale yale, lakini uhodari huo haufiki kwenye kusoma wala hesabu.

Sisi wa reli hatushangai. Mtu aliyegeuza njia za gari moshi miaka 10 hawi fundi wa breki kwa sababu hiyo. Kila kazi ina mafunzo yake. Anayeshindwa kusoma afundishwe kusoma: sauti ya herufi, kisha ba be bi bo bu, polepole, kila siku, na mwalimu asiyeendelea mbele mpaka mtoto ameshika. Njia hiyo ilipimwa na jopo la wataalamu wa Marekani, nalo likasema mwaka 2000 kwamba yasaidia.

Wengine watasema, "Shule zetu hazina walimu wa namna hiyo." Mahali pengi ni kweli, lakini dawa si kumtajirisha mchuuzi. Kenya ilianza vituo vya serikali vya kupima watoto hawa mwaka 1984, na chuo cha KISE cha kufundisha walimu wao kikaja 1986. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya elimu. Kodi imekwisha katwa katika mishahara yetu. Mbona tulipe mara mbili?

Kwa hiyo:

1. Mzazi ampeleke mtoto kituoni akapimwe kabla ya kutoa hata shilingi moja kwa mchuuzi.

2. Kila tawi liiulize Wizara ya Elimu kituo cha karibu kina walimu wangapi, na lisichoke kuuliza.

3. Katika mapatano yajayo, chama kidai siku ya ruhusa, bila kukatwa mshahara, kwa mzazi anayempeleka mtoto kupimwa.

Mtoto asiyefundishwa kusoma leo ndiye kibarua atakayetia kidole kesho kwenye mkataba asioujua. Tajiri hana haraka ya kumfundisha. Haraka ni yetu.

Umoja ni nguvu.

Mfanya kazi wa reli