Mukimu na Msafiri Mjini Ithaca

Mji wa Ithaca, ulioko jimbo la New York nchini Marekani, kwenye ncha ya kusini ya ziwa Cayuga, ulihesabiwa watu wake mwaka 2020 wakaonekana ni 32,108. Na msomaji akiambiwa kuwa umri wa kati wa wakazi hao ni takriban miaka 22, ilhali wa taifa zima umepita 38, angedhani wazee wa huko wamekwisha wote. Sababu ni vyuo viwili vilivyokaa vilimani: Cornell, kilichoasisiwa mwaka 1865, chenye wanafunzi zaidi ya 20,000, na Ithaca College, kilichoanza mwaka 1892 kwa kufundisha muziki. Vijana huja, husoma, huenda zao, na mahali pao hushikwa na wengine wa umri ule ule, basi mji hauzeeki.

Hisabu ya ufukara ndiyo ipotoshayo zaidi. Mwanafunzi alalaye bwenini hatiwi katika hisabu hiyo, walakini yule aliyepanga mtaani Collegetown huhesabiwa kwa kipato alichokiandika mwenyewe, nacho aghalabu ni kidogo. Kwa hiyo mtoto wa tajiri, ambaye pango lake hulipwa na baba aliye mbali, huandikwa fukara sawasawa na mama afagiaye darasa lake. Mama huyo, ambaye ndiye aliyestahiki kuangaliwa, hupotea ndani ya tarakimu, na nyumbani pia hana nafasi, maana vijana wanne wenye wazazi wa kuwalipia huweza kutoa kwa pamoja pango ambalo mshahara wake mmoja haulifikii.

Wenyeji wana mila zao: soko la wakulima kando ya ziwa, mkahawa wa Moosewood, uliofunguliwa mwaka 1973 na kusifika kwa mapishi yasiyo na nyama, na zamani walikuwa hata na noti zao wenyewe, Ithaca Hours, walizozitoa mwaka 1991 ili walipane humo humo mjini. Wako wanaoyacheka mambo haya. Mimi nayaona ni ya watu walioazimia kukaa.

Je, mpita njia apewe kura pamoja na hao? Mahakama Kuu ya Marekani, katika kadhia ya wanafunzi wa Prairie View, Texas, mwaka 1979, iliwathibitishia haki ya kuandikishwa pale wasomapo, nami naona hukumu hiyo ni ya insafu. Wageni wa musimu waliokuja Unguja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi walibadilika nyuso kila mwaka, walakini soko halikukosa wageni. Hali kadhalika mwanafunzi mmoja mmoja huondoka, bali jamii ya wanafunzi ni mukimu. Tena si wote waondokao: Svante Myrick alichaguliwa barazani mwaka 2007 angali mwanafunzi wa Cornell, akashika umeya mwaka 2012, umri wake miaka 24.

Wanaolalamika kuwa wanafunzi wanawaongezea mzigo wa kodi wamemshika asiye na kosa. Ardhi na majengo ya masomo ya chuo yamesamehewa kodi kwa sheria, na zile dola milioni 4 kwa mwaka ambazo Cornell, kwa mapatano ya mwaka 2023, ilikubali kuupa mji, ni hiari ya mtoaji: baraza la mji laweza kuomba zaidi, kudai haliwezi.