Ardhi ya Kapsoya Ndiyo Kipimo

Juu ya mapaa ya Kapsoya, mtaa wa Eldoret, kuna madishi mengi yasiyoonyesha tena kitu. Kifurushi kiliisha, dekoda ikaingia kabatini, dishi likabaki linatazama mashariki na kunguru wakalizoea. Kwetu sisi wa redio ya ridhaa na falaki ya redio, hiyo ni mali. Kichwa chake, yaani LNB, kimeundwa kwa gigahezi 10.7 kwenda juu, lakini aghalabu husikia hata setilaiti ya QO-100 kwenye 10.489 bila kufunguliwa. Kutoka Eldoret setilaiti hiyo, iliyorushwa Novemba 2018, iko nyuzi 79 hivi juu ya upeo wa macho.

Ugomvi wa toleo hili ni na lebo. LNB nyingi za dukani zimeandikwa kelele ya desibeli 0.1, sawa na kelvini 7. Mimi siamini, na kuhakikisha hakuhitaji maabara. Elekeza kichwa kitupu chini, soma kiwango cha kelele. Kigeuze angani, soma tena. Vitabu huipa ardhi kelvini 290, ambazo ni nyuzi 17 za Selsiasi: hali ya hewa ya Eldoret hasa, sweta likiwa karibu. Lebo ingesema kweli, pengo kati ya vipimo hivyo viwili lingefika desibeli 11. Ukipata 6 au 7, una kichwa kizuri. Ukipata 3, usiisingizie anga.

Ila vitabu hivyo vya Ulaya vina mtego. Vinasema anga baridi iko utosini. Kwao sawa, setilaiti za televisheni ziko chini kusini. Sisi tuko nusu nyuzi tu kutoka ikweta, na utosini ndiko zilikopanga foleni; mdomo mpana wa LNB huzizoa kadhaa kwa pamoja na pengo likapungua bure. Inamisha nyuzi 40 kuelekea kaskazini, mbali na mti na ukuta wa jirani.

Wanafalaki wa redio Penzias na Wilson, kule New Jersey, walifukuza njiwa na kusafisha antena yao kabla ya kukubali, mwaka 1965, kwamba kelele iliyosalia ilitoka mbinguni. Ndiyo maana makala mawili yaliyodai kulisikia Jua tuliyarudisha: hayakuwa na pengo la ardhi na anga. Mwandishi mmoja amepanda tena juu ya mabati, akapima. Desibeli 4. Tumeichapa hivyo hivyo, ukurasa wa kwanza.